Heda za Landrova ya Babu Yako

Same, Ijumaa, jua likianza kushuka

Mwanangu Nakiete,

Salamu nitakupa mwenyewe ukishuka kutoka Mhezi. Hapa nianze na jambo ambalo nikilichelewesha litanishinda kulisema: heda zako nilizitoa jana.

Ndiyo, nilizitoa. Ulipopanda tu mlimani kwenda kumuaga bibi yako, nilifungua boneti ya landrova, nikalegeza nati zote, nikayaondoa yale mabomba manne ya kutolea moshi niliyokuona ukiyakata na kuyachomelea kwa mikono yako. Nikarudisha manifodi ya zamani, lile dude zito la chuma ambalo injini ilikuja nalo tangu enzi za babu yako. Nikawasha. Ikanguruma kwa sauti yake ya siku zote, nikajiambia sasa mtoto atasafiri salama. Kisha usingizi ukanikataa. Leo asubuhi nimeitoa manifodi, nimeweka gaskiti mpya ya kuzibia moshi, nimerudisha heda zako mahali pake. Ukifungua boneti utakuta kila kitu kama ulivyokiacha, ila gaskiti ni mpya, na wewe si mtu wa kutoiona gaskiti mpya.

Nimeiwasha injini mpaka ikapata moto sawasawa, nikaizima. Sasa nasubiri ipoe. Utaratibu unaujua: heda ikishafungwa lazima ipate moto mara ya kwanza, ipoe kabisa, ndipo nati zikazwe tena. Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hurudi, na nati zilizokuwa zimebana hujikuta zimelegea. Asiyerudia kukaza, moshi huvuja pale kwenye gaskiti, gaskiti huungua, na kabla hajafika mbali injini inaanza kugonga na kupoteza nguvu. Hilo halitakupata kwa uzembe wangu.

Shida ni kwamba leo ni Ijumaa. Jua likizama Sabato imeingia, na tangu nishike spana sijawahi kukaza nati ndani ya Sabato, hata kwa mteja aliyekuja analia. Na wewe unaondoka kesho alfajiri, kwa sababu msafara wa magari ya zamani unatoka Arusha Jumapili, na tajiri wako mpya amesema ukiweza kufika na landrova ya babu yako kesho kabla ya saa sita mchana, magari yakaguliwe, utakuwemo, ukiwa dereva na fundi wake. Kuhusu kusafiri Sabato tulishabishana, wewe ukalia, mimi nikanuna, yakaisha. Sitaki tuyarudie. Ninatazama vitu viwili tu, jua na injini, nione kipi kitawahi.

Ndiyo maana nimeketi na karatasi. Upepo wetu wa Same leo una kazi mbili, kunipozea injini na kuninyang'anya barua, kwa hiyo nimeigandamiza kwa plagi iliyokufa.

Sitakuandikia habari za kuvaa sweta Arusha wala za kuchagua marafiki. Hayo bibi yako ameshayasema kwa Kipare, akayarudia kwa Kiswahili iwapo Kipare hukukisikia. Mimi ninachokijua ni moto na mabomba, na sehemu kubwa niliijua baada ya kuharibu.

Landrova hii ilipokuja mikononi mwangu nilikuwa kijana ninayependa kusikika. Babu yako alikuwa akishusha nayo tangawizi na watu kutoka Mhezi hadi Makanya, polepole, kwa manifodi yake ya chuma, na gari lilikuwa halisemi neno. Mimi nikaliona limezeeka. Nikatafuta mabomba ya maji, manene, kwa sababu niliamini kitu kinene ndicho chenye nguvu, nikayakata mafupi, nikayachomelea yote yaishie sehemu moja. Nilipowasha, kuku wa jirani waliacha kula. Mji mzima ulijua fundi amewasha gari.

Mama yako nilikuwa nimemuoa karibuni. Nikampakia mbele, gunia la mchele nyuma, twende Mhezi kwa wazazi wangu. Kwenye tambarare hadi Makanya nilikuwa bwana. Tulipoanza kupanda mlima, nguvu zikakatika. Siku hiyo ndiyo nilijifunza kwamba bomba nene linaipendeza injini inayozunguka kasi, lakini injini inayopanda mlima kwa gia ndogo, imebeba watu na mizigo, inataka bomba jembamba na refu, moshi utoke kwa mwendo, usizubae humo ndani. Tena katika injini hii kabureta imekaa upande uleule wa mabomba, juu yake kabisa. Mabomba yangu yakawa mekundu, petroli ikachemka ndani ya kabureta, na kwenye kona ya pili gari likazima.

Nikafungua boneti, joto likanipiga usoni. Mama yako akashuka, akasimama kando yangu, akatazama mabomba, akatazama mlima.

"Kumbe kelele zote zile zilikuwa za kufika hapa?"

Akacheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Mimi sikucheka. Niliona amenidharau mbele ya watu, ingawa watu wenyewe hawakuwepo, palikuwa na mbuzi tu. Nikamnunia hadi Mhezi, nikamnunia hata kwenye chakula cha jioni. Alinieleza baadaye kwamba alicheka kwa sababu alikuwa na furaha, alikuwa amekaa na mume wake barabarani bila mama mkwe wala wageni. Nilipita kwenye kona ile mara nyingi baada ya hapo, na tangu afariki sijawahi kupita bila kutamani gari lizime, tushuke, acheke, na mimi nicheke naye.

Nilirudisha manifodi ya babu yako, lakini ubishi haukuisha. Wewe ukiwa shule ya msingi nilitengeneza heda nyingine, nyembamba kidogo, na safari hii nikajidai mjanja wa joto. Nikapata ule utepe wa kufungia mabomba, unaofungwa kama bandeji kwenye mguu uliovunjika. Joto likabaki ndani ya bomba, kabureta ikapumua, gari likapanda mlima bila kuzima. Nikatembea kifua mbele. Nilichosahau ni kwamba huku Same kukavu, lakini kule Mhezi ukungu unaingia hadi kwenye godoro. Utepe ukanywa maji. Bomba langu lilikuwa chuma cha kawaida, na chini ya bandeji ile likaanza kuliwa na kutu, taratibu, mahali ambapo jicho langu halikufika. Kwa nje lilikuwa safi kabisa.

Niligundua mwaka ule mama yako alipotutoka. Nilikuwa nashinda hapa uwanjani, nafungua kitu na kukifunga, mradi nisiingie ndani ya nyumba. Siku moja nikakata utepe, bomba likabomoka mkononi kama chapati iliyokauka. Nilikaa chini na vile vipande. Wewe ulikuja kutoka shuleni, bado una sare, ukasimama pale kwenye pipa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, leo tunakula nini?"

Na mimi nikakujibu, "Niletee spana ya kumi na tatu."

Ukaileta. Kesho yake ukaleta nyingine. Ukawa unakuja kila jioni, unakaa juu ya tairi, unanipa spana kabla sijaitaja, kisha unaingia ndani unapika, tunakula kimya. Watu wa mtaani wananisifu hadi leo kwamba nimemlea binti peke yangu, nikamfundisha kazi ya wanaume. Huwa naitikia tu. Ukweli, mwanangu, sikukufundisha, nilikuwa sijui nizungumze nini na mtoto aliyefiwa na mama, na spana ilikuwa neno pekee lililonitoka. Ulihitaji kuulizwa unaendeleaje. Nilikuwa nimejifunga bandeji mwili mzima, ukaniona mzima, ukanyamaza ili usinisumbue. Nasikitika, na laiti ningekuwa nimekwambia hivyo zamani.

Injini nimeigusa sasa hivi. Kifuniko cha juu kinavumilika, ila kule kwenye silinda hedi, mahali nati zilipo, bado pananirudisha mkono. Jua limefika juu ya tambarare za Wamasai. Nimechemsha chai, nikamimina vikombe viwili kwa mazoea, nikavinywa vyote. Kuanzia kesho nitasonga ugali wa mtu mmoja, na sijui hata unga wake unapimwaje.

Mwaka huu uliporudi kutoka chuo cha ufundi na kusema landrova tuitengenezee heda mpya, moyo wangu ulisema hapana kabla mdomo haujafunguka. Unakumbuka?

"Baba, nimekuchorea. Mabomba membamba, marefu. La kwanza linaungana na la nne, la pili na la tatu, halafu hayo mawili yanakuwa moja huko chini."

"Manifodi ya babu yako ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Ila injini haipumui."

"Imepumua tangu sijazaliwa."

"Imekohoa, baba."

Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu ulisema hivyo huku unajibana usicheke, na sura ilikuwa ya mama yako pale kwenye jiwe. Nikakwambia fanya. Nikaweka masharti ya uzee wangu. Bamba linalokaa kwenye injini liwe nene, maana jembamba likipata moto hujikunja na hakuna gaskiti itakayolizuia kuvuja. Kati ya mabomba na kabureta liwekwe bati, lakini bati lisigusane na kitu, liachiwe nafasi ya kidole upepo upite, kwa sababu bati lililogusa bomba ni bomba jingine tu. Mpira wa petroli upitishwe mbali, upande wa pili. Ulikubali yote.

Tulipofika kwenye kuzuia joto, ukanionyesha kwenye simu picha za heda zilizofungwa utepe, nyeupe, zinapendeza. Nikasema humu ndani utepe hautaingia tena. Ukaniuliza kwa nini nimekuwa mkali hivyo, na mimi, badala ya kukueleza habari za ukungu na za mwaka ule, nikasema tu, "Tutazipaka." Ile rangi ya kauri inayookwa kwenye tanuru, ikishakauka inalizuia joto lisitoke nje ya bomba, na kutu ikianza unaiona, haina mahali pa kujificha. Hapa Same hakuna anayeifanya. Mimi mwenyewe nikazifunga heda kwenye gunia, nikazipeleka stendi, nikazipakia basi la Arusha ziende kwenye gereji ya magari ya zamani.

Zilipofika, mwenye gereji, huyo ambaye sasa ndiye tajiri wako, alinipigia simu. Hili sikuwahi kukusimulia kwa ukamilifu. Nilidhani anataka kuuliza rangi. Akasema:

"Mzee, shikamoo. Hizi heda amezichomelea nani?"

Nilikuwa nimesimama hapahapa. Wewe ulikuwa chini ya gari la mteja, naona miguu yako tu. Nilijua kwa sauti yake anataka nini. Kwa pumzi moja nikataka kusema ni mimi. Ningesema hivyo, angenisifu, angekata simu, na wewe ungekuwa hapa kesho na keshokutwa. Nikasema, "Binti yangu." Akasema, "Naomba nizungumze naye." Nikakupiga teke dogo kwenye kiatu, nikakupa simu, nikaenda nyuma ya nyumba kusimama.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyezituma. Kama ningekubali utepe wako, heda zisingetoka Same, na wewe usingeondoka. Nimelifikiria hilo mara nyingi wiki hizi, na kuna saa nimeichukia ile rangi. Lakini heda ziliporudi na kufungwa, ulikumbuka kunipeleka Mhezi kuijaribu landrova. Ulishika usukani, mimi nikakaa upande wa mama yako. Tulipanda, tukaifikia kona yangu, tukaipita, ukabadilisha gia bila haraka.

"Baba, umesikia?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo," ukasema, ukatabasamu peke yako.

Nilitazama dirishani muda mrefu kwa sababu macho yalikuwa yamejaa. Nilikuwa najivunia wewe, na nilikuwa mpweke tayari, wakati bado umekaa hatua moja kutoka kwangu.

Mzee Kajiru, jirani yetu na mzee mwenzangu wa kanisa, amepita hapa sasa hivi amevaa shati jeupe.

"Baba Nakiete, binti hajashuka?"

"Anakuja na lori la tangawizi. Watachelewa kupakia."

"Basi njoo ufungue Sabato kwetu. Mke wangu ameshaweka kiti. Mtu hafungui Sabato peke yake kama mgonjwa."

"Nakuja."

Akaitazama spana mkononi mwangu. "Na hiyo unakuja nayo?"

"Injini haijapoa, mzee."

"Jua halitaisubiri."

"Najua."

Alizunguka akaiangalia landrova, akasema babu yako angefurahi, akaenda zake. Kiti chake atakiona kitupu.

Jua limezama. Nimeigusa injini, bado ilikuwa ya moto. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo na bado nimeumia. Kwa Mzee Kajiru wameanza kuimba, upepo unaleta nusu ya wimbo. Nami nimesimama hapa kando ya gari, nikavua kofia, nikafungua Sabato. Unajua tangu zamani mimi huanza, halafu sauti ya pili inaingia. Ilikuwa ya mama yako, kisha ikawa yako. Leo nimeimba ubeti wa kwanza, nikafika pale sauti ya pili inapoingia, nikangoja kama mjinga, kisha nikanyamaza. Nimeomba kwa maneno machache. Nimekutaja.

Sasa injini imepoa. Nimeweka kiganja juu ya silinda hedi na kimekaa.

Nimefikiria kukuachia spana juu ya boneti na maelezo, ukaze mwenyewe alfajiri. Sabato si sheria yako kama ilivyo yangu, ungekaza bila kulalamika, na mimi ningeamka mtu safi. Lakini nati hizi hukuzilegeza wewe. Nilizilegeza mimi. Na nilikudanganya hapo juu niliposema nilitaka usafiri salama. Heda zako ni salama kuliko chochote nilichowahi kukifunga kwenye injini hii, nimejua hivyo tangu siku ya kona. Nilirudisha manifodi kwa sababu nilijua ukiwasha alfajiri ungesikia sauti si yake, ungefungua boneti, tungegombana, ungeanza kutoa na kufunga, ungesubiri ipate moto, ungesubiri ipoe, na msafara ungeondoka bila wewe. Nilitaka ukose nafasi yako. Sikutaka yakupate mabaya, nilitaka tu ubaki. Nimeandika sentensi hiyo na kuisoma, na sipendi mtu aliyeiandika, lakini ndiye baba uliyenaye.

Basi nimewasha tochi ya simu, nimeibana kwenye meno, nimekaza. Kwa Mzee Kajiru walikuwa bado wanaimba. Mungu ameniona, sikujificha wala sikumpa sababu. Nimeanza katikati kwenda nje kama unavyofanya wewe, nimerudia mara ya pili. Mbili zilikuwa zimelegea kweli.

Kisha nikaendelea kutafuta. Nimekagua maji na oili, nimekanyaga breki, nimevuta kila waya, nimetambaa chini na tochi kuangalia kama bati limegusa bomba. Nilikuwa naomba nipate kitu, hata kidogo cha kutuchelewesha mpaka saa nne. Sijapata. Umeitengeneza vizuri.

Nasikia lori linashusha gia kule barabarani, nadhani ndilo lako. Barua hii naiweka chini ya kiti cha dereva, uikute Arusha. Asubuhi nitasimama kwenye lango na huenda nikaongea habari za tairi, au nikazunguka gari tena na tena kana kwamba kuna kazi imebaki. Haijabaki. Gari liko tayari, mwanangu. Mimi bado. Usinisubiri.

Baba yako